Cheti cha Uongo: Maneno Juu ya Kudumu Katika Imani Wakati wa Majaribu

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo limpatalo kila Mkristo, mkubwa kwa mdogo, aliyebatizwa jana na aliyezaliwa katika nyumba ya Kikristo. Jambo hilo ni majaribu. Hatusemi majaribu ya njaa na maradhi peke yake, bali yale yamwingiayo mtu moyoni na kumnong'oneza, "Iweke imani yako kando kidogo, kwa leo tu, kesho utaichukua tena."

Watu wengi hudhani ya kuwa jaribu huja kama simba angurumaye, hata mtu aweza kumsikia kwa mbali na kushika mkuki wake. Sisi tuliokwisha kufundisha miaka mingi tumeona kwamba sivyo. Mara nyingi zaidi jaribu huja kama karani mpole, ameshika kalamu na karatasi, naye asema, "Tia sahihi hapa, kisha nenda zako nyumbani." Kwa sababu hiyo tumechagua kuwaelezeni habari ya karatasi. Ilitokea katika Afrika hii yetu, upande wa kaskazini, zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Nasi baadaye tutawaelezeni pia habari ya karatasi yetu wenyewe, ambayo hatuwezi kujivunia.

AMRI YA KAISARI

Katika mwaka 249 jemadari mmoja, jina lake Decius, alishika utawala wa Rumi. Dola ya Rumi siku zile ilikuwa kubwa mno: ilianzia Uingereza, ikaizunguka bahari ya Mediterania, ikafika Misri na Shamu. Lakini ilikuwa imeingia taabuni. Adui walikuwa wakivunja mipaka, na makaisari walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Decius akaona dawa ni kuirudisha heshima ya miungu ya kale. Basi akatoa amri ya kwamba watu wa dola, wanaume kwa wanawake, waende mbele ya mabaraza yaliyochaguliwa mijini na vijijini, waimiminie miungu divai au kuifukizia ubani, na kuonja nyama ya sadaka. Aliyekwisha kufanya hivyo alipewa cheti chenye sahihi za wale walioshuhudia.

Vyeti hivyo si hadithi tu. Viliandikwa juu ya mafunjo, na mchanga mkavu wa Misri umevihifadhi vingine mpaka zamani zetu. Cha kwanza kilitangazwa na wataalamu mwaka 1893, na tangu hapo vimepatikana zaidi ya 40. Kimoja ni cha mzee wa kijijini aitwaye Aurelius Diogenes, umri wake miaka 72, mwenye kovu katika nyusi ya kulia. Kiliandikwa tarehe 26 Juni mwaka 250. Ndani yake mzee huyo asema kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa pia amefanya hivyo mbele ya baraza, naye aomba watie sahihi zao. Huenda hakuwa Mkristo kamwe, kwa kuwa amri haikuwahusu Wakristo peke yao. Lakini tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa nyepesi: chembe ya ubani, funda la divai, kipande cha nyama, na mistari michache ya wino. Ilikwisha upesi kuliko kuchemsha sufuria ya uji.

Kwa Mkristo, hata hivyo, chembe ile ya ubani ilikuwa kuikana amri ya kwanza katika zile kumi. Aliyekataa aliweza kufungwa, kunyang'anywa mali, kufukuzwa katika mji wake, kuteswa au hata kufa. Fabian, askofu wa Rumi, alikufa mwezi wa Januari mwaka 250, miongoni mwa watu wa kwanza.

WALIOKWENDA KABLA YA KUITWA

Twende sasa katika mji mkubwa wa Carthage, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Askofu wa mji ule alikuwa Cyprian, mtu msomi, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema kabla ya kubatizwa. Amri ilipofika, yeye alijificha nje ya mji, akaliongoza kanisa lake kwa barua. Wako waliomlaumu kwa kujificha, na lawama ile ilimfuata muda mrefu. Tulikumbuke jambo hilo, kwani tutalirudia.

Mwaka 251 Cyprian aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya Wakristo walioanguka, na habari alizozieleza ndani yake zaumiza moyo. Asema kwamba wengi hawakungoja kukamatwa wala kuulizwa. Walikimbilia wenyewe uwanja wa mji, kana kwamba walikuwa wakiingoja nafasi hiyo tangu zamani. Jioni ilipoingia, wakuu wakawaambia wengine warudi kesho; nao wakawasihi wasiwacheleweshe. Wako waliokwenda na watoto wao wachanga mikononi, ili watoto nao wahesabiwe.

Tena lilikuwapo kundi la pili, na kundi hili ndilo lililotufanya tuyaandike maneno haya. Hao hawakukaribia madhabahu, wala hawakushika ubani. Walitoa fedha kwa siri, wakapewa cheti kisemacho kwamba wametoa sadaka. Walipoulizwa baadaye na ndugu zao walijitetea hivi: Sisi tulijua ya kuwa kutoa sadaka ni dhambi, mikono yetu ni safi, na midomo yetu haikumkana Kristo, tulinunua amani kwa fedha yetu tu. Wasikilizaji, hoja hiyo ni nzuri kusikika. Bali cheti kiliwekwa kwa wakuu, na kila aliyekisoma alisoma kwamba fulani ameabudu miungu. Midomo ilinyamaza, karatasi ikamkana Kristo kwa niaba yake.

KWA NINI WALIANGUKA?

Mtu aweza kusema, "Walianguka kwa sababu ya hofu." Hofu ilikuwapo, ndiyo. Lakini Cyprian, aliyewajua watu wake, alitafuta mzizi mahali pengine. Alisema mzizi ni ile miaka mingi ya amani iliyotangulia. Katika miaka ile kila mtu alishughulika kuongeza mali. Maaskofu wengine waliyaacha makundi yao wakaenda katika nchi nyingine kutafuta biashara yenye faida. Watu waliapa ovyo, wakadanganyana, wakachukiana kwa muda mrefu, na huku kila Jumapili wakakutana kanisani. Siku ya amri ilipofika, wengi hawakuweza kukimbia kwa kuwa mali ziliwafunga kama pingu. Cyprian hakusema kwamba mali ni dhambi. Alisema kwamba aliyezoea kuchagua mali katika mambo madogo kila siku, siku kubwa ikija mkono wake utachagua mali wenyewe, kabla hajafikiri.

Hili ndilo jambo moja tutakalo mlikumbuke katika mazungumzo haya, hata mkiyasahau mengine yote: saa ya jaribu haimfanyi mtu kuwa mwaminifu au msaliti, humwonyesha tu alivyokwisha kuwa. Wazee wetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huzibwa wakati wa jua. Mvua ikisha kuanza, fundi hapandi juu ya nyumba.

WASOMAJI WA BUGANDA

Tuitazame sasa habari ya karibu nasi zaidi, ionyeshayo upande wa pili wa jambo lili hili. Alexander Mackay, Mskochi, aliwasili Buganda mwaka 1878, na mapadre wa kwanza wa Kikatoliki waliwasili mwaka 1879. Waganda waliojiunga nao waliitwa wasomaji, kwa maana kusoma na kumwomba Mungu vilihesabiwa kuwa kazi moja. Kabla ya Injili kupigwa chapa kwa Kiganda, Mackay aliwafundisha kwa vitabu vya Kiswahili, vilivyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere na wenzake. Hivyo lugha hii tuisemayo sasa ilikuwa na sehemu katika mambo yale.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wasirudi mpaka Julai 1885. Wakristo wao wachanga waliachwa bila padre kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Je, walitawanyika? La! Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi katika nyumba ya Kabaka, aliwakusanya kusali, akawafundisha wapya, akawakinga vijana wa ikulu wasiingizwe katika mambo machafu. Hapakuwa na mtu wa kuwasifu wala wa kuwahesabu. Mapadre waliporudi walikuta wasomaji wameongezeka.

Katika muda huo Kabaka Mwanga alishika kiti mwaka 1884, na mateso yakaanza. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kiprotestanti waliuawa, ndio Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga; yasimuliwa kwamba walikwenda kufa wakiimba wimbo wa dini wa Kiswahili. Tarehe 15 Novemba mwaka ule Yosefu Mukasa aliuawa, kwa kuwa alithubutu kumkemea Kabaka kwa kumwua Askofu James Hannington. Karoli Lwanga akaichukua kazi yake. Mwezi wa Mei 1886, vijana wa ikulu walipoona kwamba kifo kimekaribia, Lwanga aliwabatiza usiku wale waliokuwa hawajabatizwa, na mmoja wao ni Kizito, mwenye umri wa miaka ipatayo 14. Asubuhi Kabaka akaamuru wasalio wasimame upande mmoja, na wasiosali wabaki naye. Wakasogea, wakasimama upande wa wasalio. Hawakuhitaji kushauriana. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa moto Namugongo.

Katika kundi lile alikuwamo kijana Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa ndiye mlezi wake. Mzee huyu alimsihi sana akubali kuokolewa, na jamaa zake nao wakamsihi. Twaomba mlifikiri jambo hilo. Mbaga hakujaribiwa na mtu amchukiaye. Alijaribiwa na aliyempenda, aliyemlisha, naye akalia mbele yake. Mbaga akakataa, na mlezi wake akaamuru auawe kwa pigo la shingoni kwanza, ili asiusikie moto.

Wakristo 45 wakumbukwa kuwa walikufa kwa ajili ya imani Buganda kati ya 1885 na 1887: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini sisi walimu tukiwafundisha watoto habari hii tusianze na moto. Tuanze na ile miaka miwili ya kimya, walipokusanyika bila padre. Moto wa Namugongo ulishindwa siku zile.

JIBU LILILOFUNZWA MAPEMA

Hata Bwana wetu, alipojaribiwa nyikani, alituonyesha njia hiyo hiyo. Alikuwa amefunga siku 40, na mshawishi hakuja siku ya kwanza. Alikuja njaa ilipokuwa kali. Wala hakuanza na jambo baya waziwazi. Alianza na mkate, nao mkate ni haki ya mwenye njaa. Kisha akamwambia ajitupe chini kutoka juu ya hekalu, akitumia maneno ya Maandiko yenyewe. Mwisho akamwonyesha milki za dunia, kwa bei ya kusujudu mara moja tu. Huyu naye alikuwa na cheti chake cha kutiwa sahihi!

Bwana alijibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya kitabu kimoja, yaani Kumbukumbu la Torati. Hakutunga jibu jipya pale pale. Alijibu kwa maneno yaliyosomwa na kukaririwa katika taifa lake, ambayo mtoto wa Kiyahudi huyasikia tangu utotoni. Ninyi wanafunzi mnaonung'unika mnapoambiwa mkariri Maandiko, kumbukeni jambo hilo. Mtu mwenye njaa hana nguvu ya kwenda kuchanja kuni. Huota moto wa kuni alizochanja jana.

KARATASI YETU WENYEWE

Twaliahidi kuwaeleza habari yetu. Tulikuwa walimu vijana, tumetoka chuoni mwaka wa pili tu, katika shule ndogo ya kijijini. Tulikuwa tukifundisha dini darasani, na siku za Jumapili tulisoma somo kanisani. Siku moja tulipata habari kwamba mkaguzi atakuja, atazame madaftari ya mahudhurio. Ikiwa watoto ni wachache, darasa la tatu litaunganishwa na la pili. Mwezi ule ulikuwa wa mavuno, na watoto wengi walikuwa mashambani kuwasaidia wazazi wao. Mkubwa wetu alitujia jioni, na taa mkononi. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Walimu wangu, ni kwa faida ya watoto wenyewe. Wajazeni kwamba walikuwapo."

Tulijaza. Tuliwaandika watoto 17 kwamba walikuwapo, na siku zile hawakuwapo. Hatukuiba hata senti moja. Hatukumdhuru mtu. Tena tulikuwa na sababu njema, na sababu njema ndiyo matandiko laini ya dhambi. Mkaguzi alikuja, akasoma, akatusifu, akaenda zake.

Juma lililofuata mtoto mmoja alirudi shuleni. Alikuwa amekaa nyumbani siku tisa kumwuguza mama yake. Tulimwambia alete daftari la mahudhurio mezani, naye akalifungua njiani, akalitafuta jina lake, kama watoto wafanyavyo. Akatuuliza kwa adabu, mbele ya wenzake, "Mwalimu, siku hizi sikuja. Mbona nimeandikwa nilikuja?"

Tulimwambia akae chini. Akakaa. Saa ile ile tulikuwa tumeandika ubaoni amri kumi kwa mkono wetu wenyewe, na ile ya kukataza kushuhudia uongo ilikuwa nyuma ya mgongo wetu. Mtoto akaitazama, akatutazama sisi, kisha akainamisha kichwa juu ya kitabu chake. Tumesikia mahubiri mengi maishani mwetu. Hapana hata moja lililotuchoma kama ile kimya.

NJIA YA KURUDI

Je, mtu aliyetia sahihi afanye nini? Turudi Carthage, kwa maana waliulizana swali lili hili. Walioanguka walikuwa wengi sana, na wengi walitaka kurudi kanisani. Wengine walitafuta njia ya mkato. Waliwaendea Wakristo walioteswa gerezani wasikane, watu walioheshimiwa mno, wakawaomba barua za kuwapatanisha na kanisa. Barua zikatolewa kwa wingi, nyingine zikataja mtu mmoja pamoja na "watu wake", bila hesabu. Cyprian akakataa. Aliona kwamba watu walioanguka kwa karatasi wataka sasa kusimama kwa karatasi nyingine.

Kule Rumi padre mmoja, Novatian, alishika upande wa pili kabisa. Alisema kanisa halina ruhusa ya kumpokea tena aliyemkana Kristo kwa kutoa sadaka, hata akilia mpaka kufa. Maneno yake yalionekana kuwa ya utakatifu mwingi. Lakini kanisa halikumfuata, kwa kuwa Petro naye alikana mara tatu katika usiku mmoja, na Bwana akamkabidhi kondoo wake.

Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage mwaka 251, wakashika njia ya katikati. Hawakusema kwamba kuanguka si kitu, wala hawakuufunga mlango. Habari ya kila mtu ilipimwa peke yake. Walionunua vyeti waliweza kupokewa baada ya kutubu. Waliotoa sadaka walipewa toba ndefu zaidi, wapokewe saa ya kufa. Na baadaye, hatari mpya ilipokaribia, waliodumu katika toba walipokewa, ili wasiingie vitani bila silaha. Wazee wetu wa pwani wamelisema jambo hilo kwa maneno machache: kuteleza si kuanguka. Bali aliyeteleza hana budi kuinuka, na kuosha matope.

Sisi nasi tuliinuka, tena kwa kuchelewa, baada ya siku 12. Tulikwenda kwanza kwa mchungaji wetu, tukamweleza. Hakutukemea sana. Alituuliza neno moja tu: "Daftari bado lasema vile vile?" Tukaelewa. Tulimwendea mkubwa wetu, kisha tukamwandikia mkaguzi barua, tukataja majina yote 17. Tulipata barua ya onyo, na darasa la tatu likaunganishwa na la pili kama tulivyoogopa. Mpaka mwisho wa mwaka tulifundisha watoto 61 katika chumba kimoja, wengine wameketi dirishani. Kweli haikutuletea faida yoyote ya kuhesabika. Lakini tulimwita yule mtoto mbele ya wenzake, tukamwambia, "Siku ile wewe ulisema kweli, na mwalimu wako aliandika uongo." Tangu siku hiyo tuliweza tena kufundisha amri kumi bila kuupa ubao mgongo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Ndugu zetu, majaribu ya vijijini kwetu hayana Kaisari. Mtoto ashikwa na homa usiku, na hospitali iko mbali. Shangazi aja na hirizi katika upindo wa kanga, asema, "Mfunge tu mkononi, Mungu haoni vibaya." Shangazi huyo si adui, ampenda mtoto, kama Mukajanga alivyompenda Mbaga. Au muuza nafaka aambiwa na mwenzake abonyeze mizani kidogo, kwani wote wafanya hivyo. Au kijana aliye mbali na kwao aambiwa atapata kazi akibadili jina la dini yake katika fomu, kisha atalirudisha. Katika mambo kama hayo, twatoa shauri la mambo manne.

Kwanza, toa jibu kabla ya kuulizwa. Mume na mke na wakubaliane mapema, mtoto akiwa mzima, ya kuwa akiugua tutasali na kumpeleka hospitali, wala hatutapiga ramli. Weka fedha kidogo ya nauli kwa kazi hiyo. Imani isiyowekewa akiba ya nauli hushindwa saa nane ya usiku.

Pili, angalia mambo madogo. Mtu akikuambia, "Ni kitu kidogo tu," mwulize moyoni, "Ikiwa ni kidogo, mbona wakitaka sana?"

Tatu, usikae peke yako. Vijana wa Buganda walisogea pamoja. Tafuta mwenzako mmoja wa kusali naye kila juma, ambaye waweza kumwambia ukweli wa mambo yako, naye asiutangaze.

Nne, ukianguka, rudi upesi, na urekebishe kilichoandikwa. Toba isiyogusa daftari ni maneno matupu.

Na sasa tumalize habari ya Cyprian, yule aliyejificha mwaka 250. Baada ya mateso yale tauni iliingia Carthage, na watu wakawatupa wagonjwa wao njiani. Cyprian akawahimiza Wakristo kuwatunza wagonjwa wote, hata wale wasio wa imani yao. Mwaka 257 Kaisari Valerian alianza tena mateso, Cyprian akahamishwa mbali na mji wake. Mwaka uliofuata aliletwa mbele ya liwali, Galerius Maximus, akaamriwa kutoa sadaka. Liwali akamshauri ajifikirie. Cyprian akajibu kwamba katika jambo la haki namna ile hapana la kufikiri. Akahukumiwa kukatwa kichwa, naye akawaagiza watu wake wampe mwuaji vipande 25 vya dhahabu. Ilikuwa tarehe 14 Septemba mwaka 258.

Miaka minane ilipita kati ya kujificha kwake na kusimama kwake. Katika miaka hiyo alikuwa akijibu barua, akiwapokea walioanguka, akiwatunza wagonjwa wa tauni, akisali asubuhi na jioni. Hapo ndipo jibu lake kwa liwali lilipoandikwa, siku baada ya siku. Basi nasi, tukitoka hapa na kurudi katika mashamba yetu na madarasa yetu, tujue kwamba jibu letu laandikwa leo.